Mteremko, maji na miguu ya watoto: jibu kwa katibu wa kamati ya ujenzi, Kigoma

Swali: "Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya kikundi chetu cha watumishi hapa Kigoma. Tumenunua ekari 12 za mteremko na tunataka kujenga nyumba 96. Mchoro wa kwanza una barabara moja iliyonyooka kutoka juu hadi chini, na sehemu ya watoto imewekwa kona ya chini kabisa, kando ya korongo. Baadhi ya wanachama wanataka kona hiyo igeuzwe viwanja viwili vya kuuza, na bembea ziwekwe uani mwa ofisi ya kikundi. Mimi nataka mtaa ambao mtoto anatoka nje kucheza bila mama yake kukaa roho juu. Tuanzie wapi?"

Ndugu katibu, nakushukuru kwa kuambatanisha mchoro pamoja na vipimo vya mpimaji, kwa kuwa swali la namna hii halijibiki vizuri kwa maneno matupu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Msianze na bembea, wala msianze na ubishi wa kona ile. Anzeni na njia ya maji ya mvua na njia za miguu ya watoto. Mkishazichora hizo mbili, mahali pa kuchezea patajionyesha penyewe, na mtagundua kwamba si mahali pamoja.

Vipimo vyenu vinaonyesha kwamba ardhi inashuka mita 22 katika urefu wa mita 240, yaani mita tisa na kidogo kwa kila mita mia. Kwa mtu aliyezoea vilima vya Kigoma huo si mteremko wa kutisha, lakini barabara iliyonyooka juu yake inaleta mabaya mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba barabara inageuka mtaro. Kigoma hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Oktoba na Mei, kwa hiyo mvua ya milimita 30 kwa alasiri moja si jambo la ajabu kwenu. Mvua hiyo ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 inatoa lita 3,000 za maji; mapaa 96 ya ukubwa huo yanatoa lita 288,000, kabla hatujahesabu yanayotoka nyuani na barabarani. Maji yote hayo yakipewa njia moja iliyonyooka yatafika chini yakiwa na nguvu ya kubeba udongo mwekundu, mawe na, Mungu aepushe, mtoto. Na mahali yatakapofikia ni kona ileile mliyowapa watoto.

Baya la pili ni mwendo wa vyombo. Wewe mwenyewe umewaona waendesha bodaboda wakizima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, wakashuka kimya kimya. Mtoto aliyezoea kusikia mlio kabla ya kukimbia hasikii chochote. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa kinakata karibu mita 14 kwa sekunde moja, na kinachokwenda kilomita 30 kinakata mita nane tu. Tofauti hiyo ya mita sita ndiyo mara nyingi huamua kama mpira ulioponyoka utafuatwa na kilio au na kicheko. Sheria yetu ya barabarani inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, hivyo kibao peke yake hakitawasaidia. Kinachompunguza dereva mwendo ni umbo la barabara yenyewe. Wakazi wa mji wa Delft, Uholanzi, waliligundua hilo mwishoni mwa miaka ya 1960 walipoanza kupindisha mitaa yao kwa miti na vitanda vya maua ili gari lilazimike kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwaka 1976 utaratibu huo ukaingizwa katika sheria za nchi hiyo.

Ninachowashauri ni barabara ya magari ipite ikikata mteremko kwa ubavu, ikifuata kontua, yaani mstari wa ardhi yenye kimo kimoja, kisha igeuke na kurudi, ili mwinuko wake usizidi mita tano kwa kila mita mia. Itakuwa ndefu zaidi, na mkandarasi atawaambia kwamba inaongeza gharama. Ni kweli inaongeza, lakini barabara iliyonyooka mtaijenga upya kila baada ya masika. Miguu, kinyume chake, hupenda njia ya mkato. Kwa hiyo wekeni vijia vya kushuka moja kwa moja kwa ngazi, kila ngazi isizidi kimo cha sentimita 15 na iwe na kina cha kutosha mtoto kukaa, na baada ya kila ngazi kumi pawe na ubapa mpana wenye kivuli. Sitaki ngazi hizo zionekane kama jambo dogo. Katika mtaa wa mlimani ngazi ndizo ukumbi wa watoto: hapo hucheza mdako, hapo huhesabiana katika kombolela, hapo msichana wa darasa la sita humsomea mdogo wake herufi. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, au bibi anayeshika mkongojo, lazima kila kundi la nyumba lifikiwe pia kwa kijia cha mshazari kisichozidi mwinuko wa mita moja kwa kila mita 12 za urefu. Mteremko wenu wa asili umeshapita kiwango hicho, kwa hiyo kijia hicho hakitatokea chenyewe, ni lazima kichorwe sasa.

Magari ya wakazi yaachwe ukingo wa juu, karibu na barabara kuu, badala ya kila gari kufika mlangoni. Mtaa wa Vauban katika mji wa Freiburg, Ujerumani, ulijengwa kwa mpango wa namna hiyo, magari yakawekwa pembeni mwa makazi na njia nyingi za ndani zikaachiwa watu. Kwenu, ambako wanachama wengi hawana gari, jambo hili ni rahisi zaidi kuliko lilivyokuwa kwao. Hakikisheni tu kwamba kila kijia kikuu kina upana wa mita nne bila kizuizi, ili gari la wagonjwa, gari la zimamoto na gari la kubeba jeneza vifike mlangoni bila kupiga nyuma na mbele.

Sasa nirudi kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo ninapoona mchoro wenu unavyowahatarisha watoto zaidi. Mchoraji ameweka mitaro ya zege yenye kuta zilizosimama wima, kina chake sentimita 80. Chukua futi kamba ujipime: mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha sentimita 95 hivi. Akiteleza ndani ya mtaro huo, ukingo unamfikia shingoni. Mikono yake haina pa kushika kwa kuwa zege lililolowa limeota ukungu, na maji yanayompiga magotini yanatosha kumwangusha. Mtoto mdogo huzama katika maji ya kina cha kiganja, na hazami kwa kelele. Mara nyingi aliyekuwa hatua kumi kutoka kwake hakusikia kitu. Mtaro wa aina hiyo ukiwa hauepukiki, kwa mfano unapopita chini ya barabara, ufunikwe kwa vibamba vya zege ambavyo mtoto hawezi kuvinyanyua. Kwingine kote ninapendelea mfereji mpana wa majani wenye kina cha sentimita 30 tu na kingo zilizolala, upana wake mara sita au nane ya kina, ambao mtoto akiingia anatoka kwa miguu yake mwenyewe, na siku zisizo na mvua anaupanda na kuushuka kwa kuchezea.

Lakini mfereji wa namna hiyo usiachiwe kubeba lita 288,000 zote kwa mpigo. Lazima maji yapunguzwe kabla hayajaufikia. Kila nyumba iwe na gata na tenki la kuvuna maji ya paa, lenye mfuniko unaofungwa kwa kufuli. Kila baada ya safu mbili za nyumba lichimbwe tuta la fanya juu, yaani mfereji ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, linalofuata kontua, lipandwe nyasi za vetiva au majani ya tembo, kama wakulima wa milimani wanavyofanya mashambani mwao ili udongo usiondoke. Maji yanayobaki kwenye matuta yawe yamenywewa na ardhi ndani ya siku mbili. Nasisitiza siku mbili kwa sababu mbu aenezaye malaria huhitaji takribani wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imewasumbua watoto kwa muda mrefu. Dimbwi lisilokauka ndani ya mtaa wa watoto ni kosa la mchoro, hata kama linapendeza machoni.

Korongo lenyewe liacheni lipumue. Kingo zake zishikwe kwa gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, pale zinapomegeka, na kwa miti na nyasi kwingine kote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mwiteni afisa mazingira wa manispaa aje alione korongo hilo wakati wa mvua aseme kama kisheria linahesabiwa kuwa mto. Hata kama atasema sheria hailigusi, nitabaki na msimamo wangu kuhusu viwanja viwili vya kuuza. Ardhi ambayo kamati imeshaona kwamba ndiko maji yote yanakoelekea haiuzwi kwa mtu atakayelaza wanawe hapo. Kumwuzia mtu kiwanja cha namna hiyo ni kumwuzia msiba, na fedha yake haitawatosha kujenga kalavati moja. Tena, eneo la wazi likishaonyeshwa kwenye mchoro ulioidhinishwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, kulibadili matumizi kunahitaji idhini na hatua zake. Wanachama wasidhani ni suala la kupiga kura kikaoni.

Watoto basi wachezee wapi? Mji wa London ulitoa mwaka 2012 mwongozo ambao, ingawa umeandikwa kwa ajili ya mji usiofanana na wenu, una hesabu ninayoiona ya busara: mita za mraba 10 za mahali pa kuchezea kwa kila mtoto, na umbali unaokua pamoja na umri. Wa chini ya miaka mitano asitembee zaidi ya mita 100 kutoka mlangoni kwake, wa miaka mitano hadi 11 asizidi mita 400, na wa miaka 12 na zaidi mita 800. Tufanye hesabu kwa ardhi yenu. Tukikadiria watoto watatu kwa kila nyumba mtakuwa na watoto 288, wanaohitaji mita za mraba 2,880. Ekari 12 ni karibu mita za mraba 48,560. Viwanja 96 vya mita za mraba 300 vinachukua 28,800, zinabaki 19,760 za barabara, vijia, mifereji, korongo na watoto. Sehemu ya watoto ni kama asilimia sita ya ardhi yote. Anayesema hakuna nafasi hajapiga hesabu.

Mita hizo msizirundike mahali pamoja. Ardhi yenu haizidi mita 240 kwa urefu, kwa hiyo wakubwa watatembea popote. Wanaohitaji kufikiriwa ni wadogo. Gawanyeni nyumba katika makundi manane ya nyumba 12, kila kundi liizunguke sehemu ndogo ya wazi ya mita za mraba 200 hivi, na milango ya jikoni na vibaraza vyote viitazame. Hapa ndipo ninapowaomba mkatembee Ujiji jioni. Nyumba za zamani zenye kibaraza mbele zina jambo ambalo wasanifu wa siku hizi wanalitafuta kwa gharama kubwa: mtu mzima amekaa nje kwa shughuli zake mwenyewe, anachambua dagaa au anasuka mtoto nywele, na wakati huohuo macho yake yako njiani. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingine haiwezi kusaidia ikiwa iko nyuma ya ukuta wa tofali wa mita mbili na nusu. Kwa hiyo uzio wa mbele usizidi sentimita 90, na kanuni hiyo iandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla ya mtu wa kwanza kuhamia, kwa sababu ukuta wa kwanza ukisimama, wa pili hautazuilika.

Mita zinazobaki, kama 1,280, ziwe sehemu moja kubwa katikati ya mteremko, juu ya ubapa uliokatwa vizuri, kwa ajili ya wakubwa. Hapo kila kamati ninayoifahamu huchora uwanja wa mpira na kufunga daftari. Napenda chandimu kama mtu mwingine yeyote, ila uwanja mmoja mkubwa katikati maana yake ni kwamba wavulana wa miaka 13 wanachukua eneo lote na wasichana wanabaki pembeni wakishika viatu vya kaka zao. Mji wa Vienna, Austria, uliona katika miaka ya 1990 kwamba wasichana wanaacha kwenda kwenye bustani za umma wakikaribia miaka kumi. Mwaka 1999 bustani mbili zikapangwa upya kwa kugawanywa katika sehemu kadhaa na kuongezwa njia na michezo ya aina nyingine, na wasichana wakarudi. Ugaweni ubapa wenu vivyo hivyo: sehemu ya chandimu, sehemu ya rede na kuruka kamba yenye sakafu ngumu, na kona tulivu yenye mabenchi yanayotazamana, si yaliyopangwa mstari mmoja kama ya kituo cha basi, kwa sababu wasichana wakubwa kucheza kwao ni pamoja na kuzungumza. Choo chenye maji na bomba la kunawa viwe karibu na hapo, mahali panapoonekana.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo, kwa kuwa ndivyo huwafilisi watu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Tabora kukagua sehemu ya watoto iliyokuwa na mwaka mmoja. Palikuwa na ngazi ya kuserereka ya bati, imeelekezwa magharibi, hakuna hata mti mmoja. Saa tisa alasiri nilimkuta mtoto wa kama miaka sita ameipanda akiwa na kikopo cha maji. Akalimwagia bati lote kutoka juu, akasubiri lipoe, ndipo akaserereka mara moja, akaenda tena bombani. Wenzake walikuwa mita 30 kutoka hapo, chini ya mwembe, juu ya rundo la tofali na matairi yaliyosazwa na wajenzi, wakijenga duka. Fedha ilikuwa imetumika kwenye bati, na kivuli kilikuwa kimepatikana bure. Kwenu mteremko unatazama ziwa, yaani magharibi, na jua la alasiri litawapiga watoto usoni. Miti ipangwe upande huo kwanza. Kisha tumieni kilichopo: magogo yaliyoparwa, mawe makubwa yasiyo na ncha, mteremko uliolainishwa wa kuserereka, na mchanga laini wenye kina cha sentimita 30 chini ya kila kitu kinachopandwa.

Miche ipandwe mvua za kwanza, kabla ya tofali la kwanza, ili watoto wa kwanza wahamie wakikuta kivuli kimeanza. Mwembe wa kienyeji unatoa kivuli bora kuliko wa kubebesha, na ile miembe mikubwa ya njia ya misafara kule Ujiji ni ushahidi wa uvumilivu wake. Uwekwe mbali na madirisha, kwa sababu embe likiiva jiwe litarushwa. Mzambarau na mkungu pia hufaa. Michikichi, ambayo ndiyo fahari ya Kigoma, pandeni kando ya korongo, si juu ya mahali pa kuchezea, kwa kuwa vikonyo vya makuti yake vina miiba na mkungu wa matunda yake ukianguka ni mzito. Kuhusu ua wa mimea naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona kwenye orodha yenu minyaa na mbono kaburi. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kupofusha. Mbegu za mbono kaburi zina ladha nzuri, watoto huzila na kuishia kutapika hospitalini. Mbegu za mnyonyo ni sumu kali zaidi. Miwili ya kwanza iondoeni orodhani, na mnyonyo msiupande.

Hatua inayofuata, dada yangu, haihitaji fedha. Mzuieni mpimaji asisimike bikoni za viwanja hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Siku hiyo nendeni eneo lenu watu wanne mkiwa na vigingi vya miti na viatu vya mpira, mchomeke vigingi kila maji yanapokusanyika na kila yanapokata njia, kisha mpimaji aziweke alama hizo kwenye ramani. Jumamosi inayofuata wachukueni watoto wa wanachama, wakubwa kwa wadogo, mwaachie eneo saa mbili bila kuwaelekeza, na mtu mmoja aandike walikokimbilia, walikokaa na walikoogopa kushuka. Nitumieni ramani zote mbili, ya maji na ya watoto, nami nitazilaza moja juu ya nyingine na kuwarudishia mahali barabara inapopaswa kukatiza.